Hadubini ya Kutazamia Fuwele: Tuchague kwa Tarakimu au kwa Kazi?

Utangulizi

Mchagua jembe si mkulima, walinena wahenga. Methali hii imetumiwa miaka ayami kuwasuta wavivu wanaofanya ubovu wa zana kuwa kisingizio cha kukaa bure. Ikielekezwa kwa mvivu, haina ila yoyote. Hata hivyo, kuna mahali ambapo ikitumiwa bila tafakuri huleta hasara, nako ni maabarani. Mkulima hodari haendi sokoni kununua jembe zito kuliko yote. Hujiuliza kwanza iwapo shamba lake ni la mfinyanzi au la kichanga, na iwapo anakusudia kung'oa visiki au kupalilia mchicha. Makala haya yanashikilia kuwa hadubini, hususan hadubini ya kutazamia fuwele, inapaswa kuchaguliwa vivyo hivyo: kwa kazi itakayofanya, wala si kwa tarakimu iliyochapishwa kwenye kasha lake. Yanashikilia pia kuwa sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika uchaguzi huo, na kwamba hadi sasa hatujaitimiza.

Huenda msomaji akauliza: hadubini na chama cha Kiswahili ni wapi na wapi? Namwomba subira. Kilichonisukuma kushika kalamu ni kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu, na ningependa kukisimulia kabla ya kuingia katika hoja zenyewe.

Kisa cha fuwele zilizokufa

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa uzamili wa kemia katika chuo ambacho sitakitaja, alikuwa akikuza fuwele za kampaundi ya shaba. Kukuza fuwele si kazi ya siku moja. Kampaundi huyeyushwa katika kiyeyushi, chombo hufunikwa kwa karatasi yenye vitundu vidogo, kisha mtu hungoja kiyeyushi kivukize polepole pasipo kutikiswa. Alingoja wiki nne. Lengo lake lilikuwa kupata fuwele moja safi ya takriban milimita 0.2, kuitenga na wenzake kwa ncha ya sindano, kuigandisha juu ya uzi mwembamba wa kioo na kuipeleka kwenye mashine ya eksirei. Mashine hiyo husoma jinsi fuwele inavyotawanya miale, na kutokana na usomaji huo mtaalamu hutambua mpangilio wa atomu ndani yake. Bila fuwele nzuri, hakuna matokeo. Na bila matokeo, hakuna tasnifu.

Idara yake ilikuwa imenunua hadubini mpya muda mfupi kabla ya siku hiyo. Ilikuwa ikimeta kwa upya, na ubavuni mwa kasha lake paliandikwa kwa herufi kubwa kuwa inakuza hadi mara 1000. Kila mtu aliisifu. Siku ilipowadia, rafiki yangu alinialika niende kutazama, kwa kuwa nilikuwa nimemsikiliza wiki zote nne akihesabu siku kama mjamzito.

Alimimina fuwele pamoja na kiyeyushi chake kwenye sahani ndogo ya kioo, akainama kutazama. Alipotumia lenzi kubwa, ncha ya lenzi ilikaribia kugusa sahani na sindano haikuwa na pa kupita. Aliporudi kwenye lenzi ndogo kabisa, nafasi ilipatikana kidogo, lakini picha ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Aliposogeza sindano kulia, jicho lilimwambia kuwa inakwenda kushoto. Alipojaribu kuiteremsha, hakujua imefika wapi, kwa maana picha ilikuwa bapa kama karatasi. Alizivunja fuwele mbili. Wakati huo kiyeyushi kilikuwa kikikauka mezani. Fuwele zilizokuwa za samawati na zenye kung'aa zilianza kufifia, zikapasuka nyufa, hatimaye zikawa unga mweupe kama chaki, kwa sababu molekuli za kiyeyushi zilizokuwa zimeshikilia jengo lake zilikuwa zimetoroka. Wiki nne zilipotea katika dakika zisizozidi 20.

Fundi wa maabara, mzee wa makamo ambaye hakuwa ameulizwa neno lolote wakati wa kuagiza, alisimama nyuma yetu akatikisa kichwa. "Mwanangu," alimwambia, "mashine hii ni nzuri, ila haina pa kuingiza mkono."

Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu siku hiyo. Kwa sentensi moja ya Kiswahili chepesi, mzee yule alikuwa ametaja sifa muhimu kuliko zote katika uchaguzi wa hadubini ya fuwele, sifa ambayo haikuwamo katika hati ya maagizo.

Fuwele si ngeni kwetu

Kabla ya kueleza namna ya kuchagua, inafaa tuondoe dhana potofu kwamba fuwele ni jambo la wageni ambalo lugha yetu inalisikia kwa mbali. Neno fuwele limekubalika katika istilahi za sayansi. Fauka ya hayo, masoko ya pwani yalizijua fuwele kwa majina mahususi kabla ya maabara zetu kujengwa. Mrututu, ule mchanga wa buluu unaouzwa madukani, ni fuwele za salfeti ya shaba. Shabu, inayotumiwa kusafishia maji na kukaushia jeraha la wembe, ni fuwele vilevile. Chumvi inayovunwa katika mabwawa ya pwani ya kaskazini karibu na Malindi ni fuwele zenye umbo la mchemraba. Na kule Kajiado, Ziwa Magadi limepata jina kutokana na magadi, fuwele zinazoganda juu ya maji yake kwa matabaka manene na ambazo zimechimbwa kibiashara tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mpishi anayetia chembe ya magadi katika sufuria ya maharagwe anashika fuwele vidoleni.

Chombo nacho kina nasaba katika lugha. Neno darubini lilitufikia kutoka Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza yahusu umbali na ya pili yahusu kuona: kionambali. Hadubini ni ndugu yake, kwa kuwa nayo imebeba ile ile "-bini" ya kuona. Tunalo jina la kionambali na tunalo jina la kionavidogo. Tusichokuwa nacho, au tulichonacho bila kukitumia, ni maneno ya kutofautisha hadubini moja na nyingine. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu anayeagiza "hadubini" tu ni sawa na anayeagiza "gari" bila kusema kama anataka kubeba abiria au mchanga.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Hadubini inayofaa kazi aliyokuwa akiifanya rafiki yangu huitwa hadubini stereo. Tofauti yake kubwa na hadubini ya kutazamia seli ni kwamba ina njia mbili za mwanga, moja kwa kila jicho, na kila jicho hukiona kitu kwa pembe yake. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kumpa mtazamaji hisia ya kina, kama anavyoona kikombe mezani. Isitoshe, picha yake imesimama wima: kulia ni kulia, kushoto ni kushoto. Wazo la chombo hiki lilitolewa na Mmarekani Horatio Greenough, na kampuni ya Zeiss mjini Jena, Ujerumani, ikakiunda katika miaka ya 1890. Ni chombo chenye umri wa zaidi ya karne moja, hivyo kutokifahamu hakuwezi kusingiziwa upya wake.

Swali la kwanza, na ndilo kuu, ni hili: kati ya lenzi na fuwele pana nafasi gani? Katika hadubini stereo za kawaida nafasi hiyo hukaribia milimita 100. Mkono wenye sindano, kibanio au kitanzi cha uzi hupita bila taabu. Katika hadubini ya seli, lenzi ya kukuza mara 100, ambayo pamoja na lenzi ya jicho ya mara 10 ndiyo huzaa ile mara 1000, hukaa umbali usiofika hata nusu ya milimita kutoka kwa kitu. Hapo hata unywele hupita kwa kubanwa. Mnunuzi asisahau pia kuwa nafasi hii hubadilika akiongeza lenzi ya ziada chini ya hadubini. Lenzi ya ziada ya nusu hupunguza ukuzaji kwa nusu na kuirefusha nafasi karibu maradufu. Lenzi ya ziada ya mara 2 huongeza ukuzaji lakini huula ule ukumbi wa mkono.

Swali la pili lahusu ukuzaji wenyewe. Je, fuwele inahitaji kukuzwa mara ngapi? Tuhesabu pamoja. Fuwele ya milimita 0.2 ikikuzwa mara 40 huonekana kama kitu cha milimita 8, yaani kama punje ya mahindi. Kwa ukubwa huo mtu anaweza kuona kingo zake, nyuso zake, ufa na uchafu ulionasa ndani. Hadubini stereo nyingi zenye zumu huanzia mara 7 hadi mara 45, na kiasi hicho chatosha kwa shughuli kubwa ya kuchagua fuwele. Zile zinazofika mara 80 au 90 huwafaa wanaoshughulikia fuwele ndogo zaidi. Kinyume chake, katika ukuzaji wa mara 1000 uwanja wa kuona una upana wa takriban milimita 0.2 pekee. Fuwele yetu ingejaza uwanja mzima na mtazamaji asijue anatazama nini, mithili ya mtu aliyebandika jicho kwenye ubavu wa ndovu na kudai kuwa amemwona ndovu.

Ukuzaji mdogo una faida nyingine inayosahaulika. Katika mara 7, hadubini yenye lenzi za jicho za kawaida huonyesha uwanja wa karibu milimita 28, yaani sahani ndogo nzima kwa mtazamo mmoja. Mtu hutazama umati, humchagua mmoja, kisha hugeuza zumu na kumsogelea. Asiyeweza kuona umati hawezi kuchagua. Kwa hiyo katika hati ya maagizo, tarakimu ya chini ina uzito sawa na tarakimu ya juu, na pengine zaidi.

Swali la tatu ni la mwanga, na hapa ndipo fedha nyingi hutumika ovyo. Hadubini stereo nyingi za bei nafuu huwa na taa ya juu pekee. Taa ya juu hufaa kwa kutazama jiwe au mdudu, lakini fuwele hupitisha nuru, na uzuri na ubovu wake hudhihirika nuru ikitokea chini. Kwa hiyo kitako chenye taa si anasa. La muhimu zaidi ni vioo viwili vya kuchuja mwanga viitwavyo polaraiza, kimoja chini ya sahani na kingine juu yake. Vikipishanishwa, uwanja wote huwa giza totoro. Fuwele ya sukari au ya mrututu ikiwekwa kati yake hung'aa gizani kwa rangi za kupendeza, na ikizungushwa duara zima huzimika na kuwaka mara 4. Fuwele moja iliyo safi huzimika yote kwa pamoja. Ikiwa upande mmoja umezimika ilhali mwingine ungali unawaka, basi hizo ni fuwele mbili zilizoshikana kama pacha, na kuipeleka kwenye mashine ya eksirei ni kutafuta matokeo yenye utata. Chumvi na shabu, kwa kuwa jengo lake ni la mchemraba, hubaki giza hata zikizungushwa. Jaribio hili huchukua sekunde chache, nalo huokoa saa nyingi za mashine. Tahadhari moja: sahani za plastiki huwa na rangi zake zenyewe kati ya polaraiza, hivyo sahani ya kioo ndiyo itumike.

Taa yenyewe nayo ichunguzwe. Balbu za halojeni zilizowekwa karibu na jukwaa hupasha moto sahani na kuharakisha ukaukaji wa kiyeyushi, jambo ambalo ndilo adui wa fuwele. Taa za LED hutoa joto dogo kwenye sahani, hudumu miaka mingi na hutumia umeme mdogo.

Swali la nne lahusu mwili wa chombo. Kuna miundo miwili mikuu. Muundo wa Greenough una mirija miwili inayoelekezana kwa pembe ndogo. Ni mwepesi, ni imara na bei yake ni nafuu. Muundo wa pili, uliotokea sokoni mwaka 1957 kupitia kampuni ya American Optical, una lenzi moja kubwa chini inayotumiwa na njia zote mbili. Huo huruhusu viungo vya ziada kupachikwa katikati, lakini bei yake hupanda sana. Kwa maabara inayochagua na kuokota fuwele, na isiyo na mpango wa kupachika viungo hivyo, muundo wa Greenough watosha. Kununua wa pili kwa sababu tu ni ghali ni kuvaa kanzu ya arusi kwenda kulima.

Mwisho ni mambo yanayoonekana madogo. Je, umbali kati ya lenzi za macho hurekebishika ili mwanafunzi mwenye uso mwembamba na mhadhiri mwenye uso mpana wote waone picha moja? Je, anayevaa miwani anaweza kutazama bila kuivua? Je, stendi ni nzito kiasi cha kutotikisika mkono ukiegemea? Kama kuna mrija wa tatu wa kamera, je, kamera ikiwashwa jicho moja hupoteza picha? Hadubini kadhaa hufanya hivyo, na mnunuzi hugundua baada ya kulipa. Na je, kuna kifuniko na mahali pakavu pa kuhifadhia? Katika miji yenye unyevu kama Mombasa, kuvu huota juu ya lenzi, na lenzi iliyoota kuvu husafishika kwa shida.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kuwa ni busara kununua hadubini yenye ukuzaji mkubwa ili ifae kazi za leo na za kesho. Hoja hii ina mvuto, hasa kwa idara zenye fungu dogo la fedha. Hata hivyo, ni hoja inayochukulia kuwa ukuzaji mkubwa unaujumuisha ule mdogo, kana kwamba mwenye shilingi 1000 ana shilingi 40 ndani yake. Katika hadubini sivyo. Ukuzaji mkubwa hununuliwa kwa kuuza nafasi, kina na upana. Idara inayohitaji kutazama seli na inunue hadubini ya seli. Inayohitaji kuokota fuwele na inunue hadubini stereo. Na inayohitaji zote mbili iseme wazi kuwa inahitaji vyombo viwili.

Wengine husema kuwa siku hizi kamera ndogo inayounganishwa na kompyuta inatosha, na tena darasa zima huona kwenye skrini. Nakubaliana nao kwa upande wa ufundishaji. Mhadhiri anayetaka wanafunzi 60 waone umbo la fuwele ya chumvi atafaidika na kamera hiyo kuliko hadubini ya bei kubwa. Lakini skrini huonyesha picha bapa, na mkono unaookota fuwele huhitaji kina. Kuonyesha na kuokota ni kazi mbili.

Pingamizi la tatu latuhusu sisi moja kwa moja. Kuna wanaodai kuwa mjadala huu wote hauhitaji Kiswahili, kwa kuwa sayansi katika vyuo vyetu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwao, kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kiungo cha hadubini ni mchezo wa wanaisimu. Hoja hii ndiyo ningependa kuijibu kwa kirefu kiasi.

Dhima ya Kiswahili

Turudi kwa mzee wetu, fundi wa maabara. Yeye ndiye aliyekuwa na maarifa ambayo idara ilihitaji. Amesafisha hadubini, amebadilisha balbu zake na ameona mikono ya wanafunzi wengi ikikwama chini ya lenzi. Lakini hati ya maagizo ilitungwa katika lugha ya orodha za wauzaji, na mwenye ufasaha wa orodha hizo alikuwa mtu wa ofisi asiyewahi kushika sindano juu ya sahani ya fuwele. Aliyejua kazi hakuwa na maneno ya ofisi, na aliyekuwa na maneno ya ofisi hakuijua kazi. Baina yao palikuwa na lugha moja ambayo wote wawili waliimudu barabara, nayo ni Kiswahili. Haikutumika. Fedha zikapotea.

Sheria haikuwazuia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 yataka maelezo ya kinachonunuliwa yawe wazi, sahihi na kamili, na haipendi mnunuzi ajifiche nyuma ya jina la kampuni fulani badala ya kueleza mahitaji yake. Maelezo yaliyo wazi, sahihi na kamili hayawezi kutoka kwa mtu ambaye hakuelezwa. Ni lazima kwanza watu waketi mezani, wazungumze wakaelewana, ndipo hati iandikwe kwa lugha yoyote inayotakiwa.

Hapa ndipo ninapotunyoshea kidole sisi wenyewe. Tunayo hazina ya istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Makongamano yetu hujadili uundaji wa istilahi mwaka nenda mwaka rudi. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kuvuka ua wa chuo na kuingia maabarani kusikiliza jinsi mafundi wanavyozungumza wakiwa kazini? Tumezoea kuunda istilahi tukiwa tumeketi, kisha kulalamika kuwa wanasayansi hawazitumii.

Chukueni mfano wa ile nafasi kati ya lenzi na kitu. Mwanaistilahi aliye ofisini angeweza kutafsiri neno kwa neno na kutupa "umbali wa kufanyia kazi". Si kosa, lakini ni jina lisilomwambia chochote asiyekijua chombo. Laweza kudhaniwa kuwa umbali wa kutoka nyumbani hadi ofisini. Mimi ningependekeza "nafasi ya mkono", kutokana na kauli ya mzee yule. Jina hili linaeleza sababu ya kuwapo kwa sifa yenyewe. Mwanafunzi akilisikia mara moja, hatauliza tena kwa nini mara 1000 haimfai. Vivyo hivyo, "uwanja wa kuona" huelezea upana, na "kina" chatosha kueleza ule unene wa kitu uonekanao wazi kwa wakati mmoja. Huenda wenzangu wakawa na maneno bora zaidi. Nitafurahi kuyasikia, mradi yamejaribiwa kwanza mbele ya hadubini, na mtu mwenye sindano mkononi.

Simaanishi kuwa Kiswahili pekee kingeziokoa fuwele za rafiki yangu. Kuna vyuo vinavyofanya manunuzi kwa Kiingereza na kuchagua vyema, na mjinga anaweza kukosea kwa lugha yoyote. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kinatekelezeka: kabla ya hati ya maagizo kutungwa, fundi, mwanafunzi mtafiti, mhadhiri na afisa wa ununuzi wakutane mara moja mbele ya sahani yenye fuwele halisi, wazungumze kwa lugha wanayoimudu wote. Chama chetu nacho kichapishe kijitabu chembamba cha istilahi za hadubini, kurasa chache tu, chenye michoro na maswali niliyoyataja, na kipelekwe katika maabara za chuo na za shule za upili zilizo jirani. Gharama ya kijitabu hicho haifiki hata bei ya lenzi moja.

Hitimisho

Mnamo mwaka 1848, Louis Pasteur aliketi mjini Paris akitenganisha fuwele za chumvi moja ya tindikali ya zabibu kwa kibanio, punje moja baada ya nyingine: zilizoelekea kulia upande huu, zilizoelekea kushoto upande ule. Kutokana na kazi hiyo ya mkono na jicho, ulimwengu ulitambua kuwa molekuli zaweza kuwa na umbo la kulia na la kushoto kama viganja vya mikono. Hakuhitaji ukuzaji wa mara 1000. Alihitaji kuona vizuri kile alichokuwa akikishika. Rafiki yangu naye alihitaji hicho hicho.

Rafiki yangu alianza upya. Aliyeyusha, akafunika, akangoja. Mara ya pili aliazima hadubini stereo kuukuu kutoka idara nyingine, isiyo na mng'aro wala tarakimu za kujisifia, na mkono wake ukapita chini ya lenzi bila kugusa kitu. Fuwele ilipanda juu ya uzi wa kioo kwa jaribio la tatu. Ile hadubini mpya ingali pale maabarani, nayo hutumiwa kutazamia seli za vitunguu, kazi ambayo inaiweza vyema.

Basi mchagua jembe huenda si mkulima, lakini mkulima asiyelijua shamba lake atanunua jembe lolote aliloonyeshwa. Tulijue shamba kwanza. Na sisi tulio walinzi wa lugha, tuwape wakulima maneno ya kulielezea. Ninawaalika wanachama wote, walimu kwa wanafunzi, tuanzie katika maabara iliyo karibu na mlango wetu.